Haikushuka, Ilishushwa

Mimi sina presha. Naanzia hapo kwa sababu ukiuliza mtaani kwetu Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Zambia, utaambiwa, "Yule mama lishe mwenye kibanda cha bluu? Ana presha yule, maskini." Maskini! Mimi ninayeinua sufuria la maharage peke yangu kutoka jikoni hadi mezani, ninayebishana na madereva wa kila nchi kabla jua halijapanda, leo ndiye wa kuitwa maskini.

Hiyo presha nilipewa. Sikuirithi kwa mama yangu wala sikuitafuta kwa mawazo. Ilitoka mdomoni mwa mtu kwenye chumba cha upasuaji, ikapita mlangoni nusu nusu, ikafika nje imeshakuwa ugonjwa.

Ilikuwa hivi. Mtoto wangu wa kwanza alishindwa kutoka. Uchungu ulinikamata, ukanichosha, njia haikufunguka, wakasema twende upasuaji. Nikakalishwa pembeni mwa kitanda, nikaambiwa nikunje mgongo, kidevu kifuani, nikachomwa sindano ya ganzi mgongoni. Joto likateremka miguuni, tamu kweli baada ya ule uchungu, na miguu ikawa si yangu. Wakanilaza chali. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilianza kupiga miayo. Masikio yakavuma, kichefuchefu kikanipanda, taa ya juu ikaanza kufifia, na kifuani nikahisi kuna mtu anaondoka, na huyo mtu ni mimi. Unajua nilifanya nini? Nilivumilia. Sisi tumelelewa hivyo. Mwanamke akipiga kelele leba, habari zake zinafika sokoni kabla yake. Mama yangu alituzaa sote bila kutoa sauti, akasifiwa kwa hilo mpaka anazikwa. Basi na mimi nikauma meno, nikawa najifia kimya kimya kwa adabu.

Kitu cha mwisho nilichosikia ni sauti ya mtu aliyekuwa upande wa kichwani: "Presha! Presha yake jamani!" Halafu giza.

Nilipozinduka tumbo lilikuwa limeshashonwa na mtoto hayupo. Alitoka amelegea, wakamhangaikia mpaka akapata pumzi, wakampeleka chumba cha watoto. Nilimwona kesho yake. Ni mzima, namshukuru Mungu, sasa hivi anasoma shule na ana mdomo kunishinda. Lakini kile kilio cha kwanza, kile ambacho kila mama anakisimulia mpaka anachosha watu, mimi sina. Walikisikia wageni. Iliniuma na inaniuma hadi leo. Anayeniambia nishukuru tu kwamba tulipona wote wawili, huwa namjibu kwamba nashukuru, na bado nimekasirika.

Sasa nje ya mlango alikuwa amesimama wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa lori, siku hiyo alikuwa Zambia, kwa hiyo dada yake aliacha kahawa yake shambani kule Hasamba akaja kuniuguza. Lile neno lilimkuta pale mlangoni. Presha. Na kwetu ukitaja presha tupu, bila kusema ya kupanda wala ya kushuka, kila mtu anaelewa ni ile ya kupanda, ile ya kupooza upande mmoja na kudondoka chooni. Wifi akapiga simu mpaka salio likamwishia. Nilipotoka hospitali nikakuta ukoo mzima, walioko Mlowo na walioko Nanyala, wanajua kwamba nina presha. Walikuja kuniona wakiwa wameshika mashavu.

Chumvi ikaondolewa kwenye chakula changu. Mimi, mpishi! Wifi amekula chumvi nyingi kuliko sisi wote, na ndiye aliyeninyima ya kwangu. Nilikuwa nawapakulia madereva dagaa wa kapenta waliokolea vizuri, nasifiwa mpaka "natotela mukwai", asante za watu wa ng'ambo, halafu mimi najikalia pembeni na sahani ya mboga yenye ladha ya maji. Asubuhi kitunguu saumu. Jioni majani ya mlonge. Nikipandisha sauti kwa mteja mkorofi, mtu ananishika bega: "Mama, presha." Nikicheka sana, presha. Nikilia, presha. Nikanyimwa hata kukasirika, na pale kwenye foleni bila ukali watu wanakula ugali wako wanakuachia sufuria uoshe.

Mwee! Nilichoka. Nilianza na mimi kuamini. Nikipanda ngazi nasikiliza moyo wangu, nikiamka nashika shingo kuona kama mshipa unagonga sana.

Nikabeba mimba ya pili. Wifi akafanya kikao na mdogo wake kwa simu, wakanijadili kama lori lililokatika ekseli. Kisha akanigeukia: "Na presha yako hiyo, wifi, ulikuwa na haraka ya nini?" Nikaendelea kuosha sufuria. Mtu mwenye presha hatakiwi kujibu.

Kliniki nikapimwa, ikawa ya kawaida. Nilivyorudi tena, ya kawaida. Nikamwambia nesi, "Dada, hicho kipimo chako kibovu. Mimi ni mgonjwa wa presha, uliza mtaa wote." Nilikuwa namtania, lakini machozi yalikuwa karibu. Akaweka kalamu chini, akaniuliza aliyesema hivyo ni nani. Nikamhadithia yote: sindano, miayo, taa kufifia, na ile sauti.

"Wewe huumwi presha," akasema. "Ya kupanda huna, na ya kushuka huna. Ile ilikuwa ganzi. Ganzi ya mgongo inalegeza mishipa ya damu kuanzia tumboni kwenda chini, damu inatuama miguuni. Halafu ukilala chali na mimba imekomaa, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Moyo unakosa cha kusukuma. Wewe unazimia, na mtoto naye anapungukiwa, maana hewa yake inapitia kwako."

Nikamwuliza kama lazima nipite pale pale tena. Akasema hapana, inazuiwa kabla haijatokea. Maji ya dripu yanafunguliwa kwa kasi wakati ule ule ganzi inaingia. Dawa ya kubana mishipa inaanza hapo hapo, haisubiri mtu azimie. Na mama haachwi chali, anainamishwa kidogo upande wa kushoto mpaka mtoto atoke. "Siku ikifika, mwambie mtu wa usingizi, yule wa kuchoma ganzi, kilichokupata," akasema. "Umwambie wewe mwenyewe."

Nilitoka pale shingo juu. Nikapita kwa muuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara kuu, nikamwambia atie chumvi na pilipili bila huruma, nikala nimesimama pale pale watu wote wanione. Mama mmoja wa mtaani alinitolea macho. Nikaongeza chumvi.

Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kuwa macho. Nilitaka mwanangu huyu atoke ana nguvu zake, alie, na mimi niwepo pale, nimsikie kwa masikio yangu. Sikutaka kuja kuhadithiwa tena. Na nilijua vilevile, ingawa sikuitamka kwa mtu, kwamba mara ya kwanza tuliponea chupuchupu, na sikuwa na uhakika kwamba chupuchupu huja mara mbili.

Siku ya upasuaji ikapangwa, kwa sababu ya kovu la kwanza. Mume wangu alikuwa amekwama na mzigo upande wa pili wa mpaka, kama kawaida yake, kwa hiyo wifi akashuka tena kutoka Hasamba na kikapu, kanga mpya na themosi ya uji. Uji bila chumvi, bila sukari pia, nadhani alishaunganisha magonjwa yote. Hospitali yenyewe siitaji, iko mkoani kwetu, na watu wake sina kesi nao.

Kwenye chumba cha maandalizi akaja mtu wa usingizi, mwanaume wa makamo, mpole, amechoka. Tunawaita dokta wote. Akanipima, akatazama mashine, akasema leo ni nzuri. Kisha akauliza lile swali wanalouliza wote.

"Mama, una presha?"

Nilifungua mdomo. Jibu likatoka upande wa pili wa kitanda.

"Anayo, dokta," wifi akasema. "Tena mbaya. Ilitaka kumuua uzazi wa kwanza."

"Mbona hapa inasoma vizuri?"

"Si tulimwachisha chumvi!" Alisema kwa fahari kabisa, mkono kifuani.

Mtu wa usingizi akaitikia kwa kichwa. Wakawa wanaongea juu ya tumbo langu kama majirani wanaoongea juu ya ua. Akasema basi watakwenda na mimi polepole. Kwa kuwa nina presha, dawa ya kuipandisha hataianza mapema, atasubiri kwanza aone, asije akaipandisha kupita kiasi. Na maji ya dripu atayabana kidogo.

"Kupandisha?" Wifi akaruka. "Dokta, mtu ana presha unampandishia tena? Hapana. Hiyo dawa msimpe kabisa."

Haki ya Mungu, damu ilinichemka. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nitalazwa, watasubiri waone, na watakachokiona ni mimi nikizimika kama mara ya kwanza. Wote wawili wananionea huruma, wote wawili wana nia njema, na kwa nia hiyo hiyo njema wanaenda kuniua. Nilimpenda wifi yangu na hapo hapo nilitamani kumziba mdomo kwa ile kanga mpya.

Nesi mmoja akanishika mkono twende. Nikabaki nimekaa.

"Siendi," nikasema.

"Mama, wenzako wanasubiri."

"Wasubiri. Hata mimi nasubiri kuulizwa." Nikamtazama mtu wa usingizi. "Dokta, mimi sina presha."

"Huwa wanakataa hivyo hivyo," wifi akamnong'oneza, kwa sauti ya kusikika mpaka Mlowo.

"Wifi, nakuheshimu. Ulinibebea mtoto nilipokuwa siwezi kuinuka. Lakini mgongo unaokwenda kuchomwa hapa ni wangu." Nikarudi kwa dokta. "Uzazi wa kwanza mlinichoma ganzi nikazimia. Mtu akapiga kelele, presha, presha. Ndiyo hiyo presha anayokwambia huyu. Haikupanda. Ilienda chini."

"Aa," akasema, "kumbe una presha ya kushuka."

"Sina hata hiyo! Nisikilize. Haikushuka. Ilishushwa."

Akanitazama vizuri.

"Ilishushwa," nikarudia, na sasa nilikuwa sijali nani ananisikia, nadhani hata wodini walinisikia. "Ilishushwa na ganzi yenu, na kulazwa chali, na kusubiri muone. Si wewe, wenzako. Nilikwenda pale mzima nikashushwa. Mwanangu alitoka amelegea kama kitambaa kilicholowa. Leo sikubali. Kabla hujanigusa na sindano, uniambie unazuia. Usiniambie unasubiri. La sivyo nateremka kitandani hapa narudi Tunduma na tumbo langu."

Thubutu! Nirudi wapi, na tumbo lile, na kovu lile chini yake. Sikuwa na pa kwenda. Ila yeye hakulijua hilo.

Akamgeukia wifi kwa upole. "Mama, ukiacha siku ile, nani mwingine aliwahi kusema huyu ana presha?"

"Si nilisikia mwenyewe, pale mlangoni."

"Ulisikia nini?"

"Presha."

"Presha imefanyaje?"

Wifi akakunja ncha ya kanga. Akatazama sakafu. "Presha tu," akasema.

Mtu wa usingizi akachukua kipimo upya. Akanipima tena, mkono huu, kisha mkono ule. Akaniuliza mimi sasa, mimi mwenyewe, swali moja baada ya jingine: miguu ilivimba, kichwa kiliuma, macho yaliona ukungu, kliniki ilisomaje. Nikajibu yote. Mwisho akasema, "Basi nilikuwa nachelewesha dawa kwa mtu wa kuwahiwa." Hakuomba radhi kwa maneno mengi na sikuyahitaji. Akamwambia nesi dawa iandaliwe ianze pamoja na ganzi, na maji yafunguliwe wazi. Kisha akainama usawa wa uso wangu. "Na wewe, ukihisi kichefuchefu, miayo, chochote, usivumilie hata kidogo. Sema."

"Kusema sina shida," nikamwambia. Nesi akacheka.

Wifi alitufuata mpaka mlangoni. Hapo ndipo nilipoona anaogopa kuliko mimi. "Wakikuua," akasema, "mimi nitamwambia nini mdogo wangu?"

Nilimhurumia, lakini sikulegea. "Mwambie nilibisha mpaka mlangoni," nikasema, wakanisukuma ndani.

Nikakunja mgongo. Sindano ikaingia, na maji ya dripu yakaingia kwa kasi, baridi yake naihisi inapanda mkononi mpaka begani. Joto likaja miguuni. Nililijua lile joto, na safari hii sikulifurahia. Wakanilaza, wakakunja shuka nene wakaliingiza chini ya nyonga yangu ya kulia, nikawa nimeinamia kushoto. Mtu wa usingizi alikaa kichwani pangu, bomba la dawa mkononi, na mashine ikawa inanibana mkono, inaachia, inabana tena, haipumziki na wala hainipi nafasi ya kupumzika.

Kisha nikapiga mwayo.

Mwayo ule ule. Nikasikia mama yangu, Mungu amrehemu, akiniambia nikaze meno, na kwa kweli meno yalishaanza kukutana. Nikayafungua kwa nguvu. "Dokta! Miayo! Na tumbo linanichafuka!"

"Nimekusikia," akasema, na mkono wake ulishaanza kusukuma dawa kabla hajamaliza kusema. "Endelea kuongea na mimi."

Nikaongea. Weee, nikaongea! Nikamwambia bei ya mchele wa Momba. Nikamwambia jinsi ya kuunga maharage yasitoe maji. Nikamwambia madereva wanaopenda pilipili na wanaojifanya wanapenda. Daktari wa kisu akasema hajawahi kupasua mtu anayefanya biashara. Nikamwambia apasue tu, mdomo wangu haumo kwenye njia yake. Taa ya juu ikabaki ile ile, nyeupe, kali, inaumiza macho. Nikaikodolea, sikutaka hata kupepesa.

Nikahisi kuvutwa. Hakuna maumivu, ni kuvutwa tu, tumbo zima linakwenda na mikono ya watu. Kisha tumbo likawa jepesi, na chumba kikawa kimya.

"Mbona halii?" nikauliza.

Nilisikia nguo ikisuguliwa kwenye ngozi, na nyayo za mtu zikihama.

"Nimeuliza, mbona halii?"

Ndipo akalia. Hakikuwa kilio cha kubembeleza. Kilikuwa kikavu, cha hasira, cha mtu aliyetolewa nyumbani kwake bila taarifa, na alipokimaliza akavuta pumzi akaanza upya kwa sauti ya juu zaidi. Nilikisikia chote, tangu mwanzo wake. Nililia na mimi, kwa sauti, bila aibu hata kidogo, na mashine ikabana mkono ikaachia, na mtu wa usingizi akasema mama yuko vizuri.

Nesi akamleta karibu na uso wangu. Ni wa kike, mwekundu, ngumi zimekazwa, mdomo wazi mpaka kwenye ufizi. Akawa anamfuta na kumpigapiga mgongoni, anambembeleza kama tunavyofanya sote, "Nyamaza mama, nyamaza, basi, nyamaza."

"Dada," nikamwambia, machozi yananiingia masikioni, "usimnyamazishe. Mwache aseme."